Safu ya Tatu

Vijana wa baraza la Jumamosi, mmeniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi hii kabla macho yangu hayajafunga duka kabisa. Haya. Vyeti sitavitaja, maana viwili vililiwa na mchwa na cha tatu kiliandikwa jina la mtu mwingine. Nitawaeleza habari za kaye, yaani daftari langu, za mzee mmoja mkali, na za wiki moja ambayo nilikaribia kuivunja ndoa ya mtoto wa watu kwa hadithi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini nawasumbua kila mara na safu ya tatu.

Bukavu nilikuwa daktilo wa mahakama. Miaka kumi na mmoja nilichapa kwa mashine maneno ya watu waliokana kila kitu. Nilipofika Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi ya Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa na mabinti wawili, sufuria moja, na vidole vyepesi visivyo na kazi. Nikauza mandazi. Nikajifunza kusema zikomo, asante ya Kichewa, hata pale nilipotaka kutukana. Usiku sikuwa na ndoto, mchana sikuwa na la kufikiria, na hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi.

Baraza lilianzia kwenye hangari la kanisa. Kwaya ikimaliza mazoezi, mtu yeyote aliruhusiwa kusoma hadithi kwenye mikro yao mpaka betri iishe. Wengi walisoma visa vya sungura na mawaidha ya ndoa. Mimi nikasema nitaleta kifo: kifo cha enzi za Wabelgiji, na wasikilizaji watafute wenyewe nani aliua. Nilidhani ni kazi nyepesi. Vifo vingapi nilikuwa nimeshavichapa?

Siku ya kwanza niliaibika vibaya. Nilimwandika mwanamke wa zamani zile za pamba, huko bonde la Ruzizi, akitoka mtoni na bido la njano kichwani. Wamama wa Uvira wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kujishika mbavu. Bido la plastiki, wakati wa Mbelgiji! Enzi hizo, walisema, maji yalibebwa kwa mtungi na kibuyu, na mwenye bahati alikuwa na debe. Maiti yangu hakuna aliyeikumbuka tena. Mtu amelala amekufa ukurasa mzima, wao wanajadili bido.

Watu walipotawanyika akabaki mzee mmoja mwembamba aliyevaa tai. Mzee Anzuruni alivaa tai hata akienda kupanga foleni ya mahindi. Ujanani alikuwa mkalimani wa mahakama Uvira, kwa hiyo tulikuwa watu wa kazi moja, ingawa alinitazama kama mtu aliyeivunjia heshima. Aliichukua kaye yangu bila kuomba, akatoa rula mfukoni, akapiga mistari miwili kutoka juu hadi chini. Safu ya kwanza: kitu. Ya pili: wakati wake. Ya tatu: nani alikiona. Akaniambia kwamba kitu kisicho na jina la mtu kwenye safu ya tatu hakiingii kwenye hadithi, hata kiwe kizuri namna gani.

Miaka iliyofuata alinifundisha hivyo hivyo, kwa rula na kwa dharau. Alinikataza kumwuliza mzee yeyote zamani ilikuwaje, kwa sababu nitapewa mahubiri. Uliza miguuni ulivaa nini, alisema. Uliza taa iliwashwa na nani, na ufunguo wa magasini, yaani ghala, ulilala kwa nani. Kuhusu alama, yaani vile vitu vidogo vinavyomwonyesha mwuaji, alinifundisha niziweke mezani mchana mbele ya watu wote, ila karibu yake niweke sahani kubwa ya chakula ili wasizitazame. Nimeandika hadithi tisa na sijapata fundisho jingine linalolizidi hilo.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa safu mbili za kwanza. Ya tatu ilinichosha. Unaongea na mama sokoni, anakupa neno moja, unakimbilia mandazi yako yasiungue, jina lake unaliacha. Nilijiambia nitajaza baadaye, na baadaye haikufika.

Sasa niwaambie ile wiki. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi, wakati petroli ilipokosekana nchini na magari yalilala barabarani kungoja. Nilikuwa nasoma hadithi ya sehemu sita iitwayo *Kifo ya Magasini*. Karani wa pamba anakutwa amekufa asubuhi kwenye ghala. Jioni iliyotangulia alikuwa amekunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, barazani kwa kapita, yaani msimamizi wa wavunaji. Huyo kapita nilimwita Saa-Sita. Alikuwa na saa ya mnyororo iliyosimama, na ukimwuliza ni saa ngapi, asubuhi au jioni, alitazama mnyororo wake akajibu saa sita. Jina hilo lilinipendeza mno, nikaamua mwenye nalo ndiye atakuwa mwuaji. Kufikia sehemu ya tano kambi nzima ilikuwa imeshamnusa: sumu ilikuwa kwenye pombe, na pombe ilitoka kwa Saa-Sita.

Msomaji asiyetoka Kivu Kusini anaweza kuona sumu ni mchezo wa hadithi tu. Kwetu si mchezo. Neno hilo likiingia kwenye ukoo halitoki. Watu hawali tena kwenu, hawaoi kwenu, na mgonjwa wenu akifa mnazika peke yenu. Ndiyo maana kwetu soda hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kusoma. Mimi niliyajua haya yote, na bado nilicheza nayo.

Jumatatu baada ya sehemu ya tano, fundi cherehani Baba Neema akaja mlangoni kwangu. Mtu wa Fizi, mpole, aliyenishonea sare za mabinti wangu bila kuniharakisha. Hakukaa. Alisimama na futi yake shingoni, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mandazi. Kisha akasema:

"Mama, tate yangu, baba ya baba yangu, bantu bote ba kule balikuwa banamuita Saa-Sita. We ulimutoa wapi?"

Nikamjibu kwamba nilimtunga. Na wallahi niliamini ninachosema. Akatikisa kichwa taratibu. Akanieleza kwamba huko kwao karani alikufa kweli, asubuhi iliyofuata jioni ya kunywa kwa babu yake, na minong'ono ilimfuata babu mpaka kaburini. Familia ilihama kijiji ikaenda Fizi kwa ajili ya hilo. Walidhani wameliacha ng'ambo ya ziwa, na sasa limewafuata kwa mikro ya kwaya. Jumapili ijayo ilikuwa siku ya wakwe kuleta mahari ya Neema, binti yake mkubwa. Upande wa kijana ni watu wa Bukavu, na msemaji wao, Papa Deo, baba mkubwa wa kijana, alikuwa ametuma ujumbe: watasikiliza sehemu ya sita Jumamosi, halafu ndipo wataamua kama watakuja.

"Neema hakule tangu jana," alisema. "Mi sikuombi uongo. Nakuomba uangalie muzuri."

Akaondoka. Nilikaa chini palepale mlangoni. Nilisikia aibu, na chini ya aibu nilisikia woga, kwa kuwa sehemu ya sita ilikuwa imeshaandikwa, na ndani yake Saa-Sita alikuwa akiungama.

Kesho yake nilimpelekea Mzee Anzuruni kaye. Nikamweleza aliyosema fundi. Alipitisha kidole kwenye safu mpaka akafika kwenye mstari wa saa ya mnyororo. Kitu: kapita, saa imekufa, anaitwa Saa-Sita. Wakati: pamba. Safu ya tatu: nyeupe, haina hata nukta. Sikuwa nimemtunga. Nilikuwa nimemsikia mahali, nikamwandika, nikasahau aliyeniambia, kisha nikajisifu kwa ubunifu.

Nilimwambia nitabadilisha tu, Saa-Sita atakuwa mtu mwema. Mzee akakasirika kweli. Alisema watu wameshasikia sehemu tano, na nikimwokoa kwa huruma kila mmoja atajua nimeombwa, na hapo fundi atakuwa amekwisha. "Umutoe kwa alama," alisema, "ao umuache." Akaongeza, akifuta miwani yake kwa tai, kwamba nikimtoa huyu motoni nisimtupe mwingine mahali pake, kwa sababu kila mwuaji wa bonde la Ruzizi ana mjukuu Dzaleka.

Nilihangaika siku nzima na ule mstari mweupe. Mwishowe wino ndio ulionisaidia: uliandikwa kwa kalamu ya kijani, na kalamu ya kijani nilikuwa nayo mwaka mmoja tu, ule niliokuwa napeleka vitenge Lilongwe. Huko nilikuwa nalala Chinsapo kwa Koko Mapendo, bibi wa Uvira aliyeuza nyanya na dagaa mbele ya nyumba yake na kusimulia bila kupumua. Jumatano nikaomba ruhusa ya kutoka kambini. Alhamisi alfajiri nikasimama barabarani. Magari yalikuwa machache kuliko watu, na polisi wa kizuizi aliniuliza mara tatu, "Amayi, mukupita kuti?" yaani mama unakwenda wapi, kana kwamba jibu langu lingebadilika. Nilifika Chinsapo alasiri, miguu imevimba. Siku iliyobaki ilikuwa Ijumaa peke yake.

Koko alifurahi kuniona, akanipa kiti, akanipa nsima, ugali wa huku, kwa dagaa, na akaonja mwenyewe kwanza kabla ya kunisogezea sahani. Nilimwambia shida yangu yote. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Ndiyo, alisema, yeye ndiye aliyenipa Saa-Sita. Nyumba yao ilipakana na ya kapita, na jioni ile yeye alikuwa mtoto mdogo akicheza pale barazani.

Nilimwuliza kama aliona kapita akionja. Akasema alionja, kama mtu yeyote mwenye adabu, lakini hilo halikumsaidia: walisema alikuwa amekunywa dawa ya kuzuia sumu kabla wageni hawajafika. Basi nikakumbuka rula ya Mzee, nikauliza maswali ya miguu na ya taa. Ulikaa wapi? Nani alikuwa karibu? Kikombe kilikwenda kwa nani baada ya karani? Hapo Koko akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Karani alikunywa nusu, akarudisha," alisema. "Kapita akaita mutoto yake tulikuwa tunacheza naye, akamupatia yenye ilibakia. Mi nikalia juu hakunipatia. Kile kilio njo kinafanya nikumbuke."

Nilimwuliza huyo mtoto ni nani. Akanitazama kama mtu asiyejua hesabu. Kapita alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Alikua, akaoa, akamzaa fundi wangu.

Nikamwuliza karani basi alikufa kwa nini. Akasema hakuna ajuaye, labda homa, wakati ule watu walikufa na homa kila wiki. Nikatoa kaye. Niliandika mambo yale, na kwenye safu ya tatu nikaandika jina lake kamili, na akanisahihisha herufi.

Ijumaa nilipata lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu Mponela. Dereva alinishusha kwenye njia panda, nikamalizia kwa kabaza, na mwendesha baiskeli alilalamika njia nzima kuhusu uzito wangu. Mchana huohuo nilikaa mezani nikasoma sehemu zangu tano kama mtu mwingine ndiye aliyeziandika. Na hapo, vijana, nilipata kofi ambalo sijalisahau.

Kwenye sehemu ya tatu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika: *Saa-Sita akamimina, akaonja, akampa karani.* Niliandika bila kufikiri. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuandika mwenye nyumba akimimina asionje, kalamu inakataa. Nilikuwa nimemwondolea hatia wiki tatu kabla ya kumhukumu, sikuona, na kambi nzima haikuona, kwa kuwa sote tuliisikia kama adabu tu. Ile alama ilikuwa mezani mchana kweupe, na sahani iliyoificha ilikuwa desturi yetu wenyewe.

Lakini sumu ilimfikiaje karani? Nilirudi sehemu ya pili. Mle nilikuwa nimeweka jambo moja dogo, na safu yake ya tatu ilijaa vizuri: *Anzuruni*. Mzee alinieleza kwamba kule kwenye kambi ya wafanyakazi Mbelgiji wa magasini alipita kila jioni akigawa kinini, dawa ya malaria, kwa mkono wake, na kila mtu akimeza mbele yake. Nililiweka kama pambo la zamani. Nikalitazama sasa. Kinini ni chungu. Kinaficha uchungu wowote. Na Mbelgiji wangu alikuwa na sababu, maana kwenye sehemu ya kwanza karani alikuwa amegundua mizani ya pamba inadanganya. Zaidi ya yote, huyo hakuwa na mjukuu Dzaleka. Nilimaliza Jumamosi saa nne asubuhi, unga wa mandazi umevimba mpaka umemwagika.

Hangari lilijaa mpaka madirishani. Fundi alikaa nyuma kabisa na mkewe, Neema hakuja. Papa Deo alikaa mbele, mtu mkubwa mwenye masharubu, fimbo katikati ya magoti. Mzee Anzuruni alikaa kando, tai imenyooka. Nilianza kusoma. Nilipofika pale mpelelezi wa hadithi yangu, akisimulia uzeeni, anapokumbusha kwamba Saa-Sita alionja kwanza, Papa Deo aliinuka.

"Kuonja si kintu," alisema. "Mutu wa sumu anakunywaka dawa yake mbele."

Watu wakaitikia kwa koo. Niligeuza ukurasa, nikasoma. Nilisoma kikombe kikirudi na nusu. Nilisoma kapita akimwita mwanawe wa pekee kutoka mchezoni, kwa ghafla, akimnywesha iliyobaki. Nilisoma mtoto wa jirani akilia kwa kunyimwa. Kisha mpelelezi anasema: dawa ya kuzuia mtu hunywa mwenyewe kwa siri, lakini yule mtoto alitoka kuchezea vumbi, hakuna aliyempa dawa. Kama sumu ilikuwa kwenye kikombe, mtoto yule asingekua, asingeoa, asingezaa. Nikainua macho kutoka kwenye karatasi. Vichwa vikaanza kugeuka nyuma, kimoja kimoja, kumtazama fundi aliyekaa pale mzima na futi shingoni.

Halafu nikamsoma Mbelgiji na kiganja chake cha kinini, na maneno haya ya mpelelezi, ambayo hata leo wamama wananirudishia sokoni: "Pombe tunaionja. Dawa hatuionji."

Nilipofunga karatasi sikurudisha mikro. Nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba mambo ya kinini na mizani niliyatunga mimi, na huyo karani wa kweli hakuna ajuaye alikufa na nini. Lakini kapita alikuwa mtu wa kweli, niliyemweka humu bila kumwuliza mtu, na hilo ni kosa langu. Kikombe nacho ni cha kweli, na aliyekiona yuko hai Chinsapo, anauza nyanya. Mwenye shaka aende amwulize. Papa Deo akachukua fimbo yake, akatoka. Sikujua maana yake. Fundi pia hakujua.

Jumapili nilikwenda kwa fundi kusaidia jikoni, kwa kuwa sikuweza kukaa nyumbani. Saa ya wageni ikapita. Mama Neema alikoroga mboga iliyokwisha kuiva. Neema alikaa chumbani amevaa tayari. Fundi alitoka barabarani, akarudi, akatoka tena. Karibu saa nane tukasikia watu uani, wakiimba kwa sauti ya chini, na fimbo ya Papa Deo ikigonga ardhi mbele yao.

Hawa ni watu wa kanisa, pombe hakuna. Kulikuwa na thobwa, ile togwa ya Kimalawi, kwenye ndoo safi. Fundi alimimina kikombe cha kwanza mbele ya wageni, kama inavyopasa. Akakiinua aonje. Mkono ulimtetemeka hadi kikamwagikia kwenye shati, na kila mtu aliona, na kila mtu alijua kwa nini.

Papa Deo akanyoosha mkono. Alikichukua kikombe kutoka kwenye vidole vya fundi kabla hakijafika mdomoni, akakinywa chote mpaka chini, akafuta masharubu.

"Iko na sukari mingi," alisema, akakaa.

Fundi aliingia ndani, akasimama nyuma ya cherehani yake, akalia. Mimi nililia jikoni, na simwonei mtu haya. Kisha nikaosha mikono, nikatoa kaye kwenye mkoba. Kitu: kikombe cha thobwa, hakikuonjwa. Wakati: Jumapili, kabla ya nsima. Nani alikiona: mimi.